Fimbo Iliyokuwa na Nyumba

Nilipoingia darasa la kwanza Kipese, katika milima ya Lubero, mashariki mwa Congo, shule zilikuwa zimerudishwa kwa makanisa juzijuzi tu. Mobutu alizitaifisha mwaka wa 1974, akaona mzigo ni mzito, na Februari 1977 serikali yake ikatia sahihi mkataba wa kuzirudisha. Sisi watoto hatukuona tofauti. Nyimbo za chama cha Mobutu tuliendelea kuziimba mbele ya bendera, salongo, ile kazi ya lazima ya umma, ilibaki salongo, na fimbo ilikuwa ileile ya mkaratusi.

Fimbo hiyo hakuikata mwalimu. Tuliikata sisi, kwa zamu, kwenye mikaratusi iliyokuwa nyuma ya vyoo, na zamu yako ikifika ulipaswa kupima vizuri. Ukileta nyembamba, mwalimu ataijaribu kwenye viganja vyako kwanza. Ukileta nene, wenzako watakungoja njiani saa sita.

Kwetu ni nchi ya baridi. Saa moja asubuhi ukungu umelala juu ya viazi na ngano, na mtoto aliyepanda mlima pekupeku anafika vidole vimekufa ganzi. Kiganja chenye ganzi kikipigwa hakiumi papo hapo. Maumivu yanakuja baadaye, kidole kimoja kimoja, wakati wewe umeshakaa na unatakiwa kuandika imla. Waliochelewa walipigwa mlangoni. Aliyesikika akisema Kinande, lugha ya nyumbani, uwanjani alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka amnase mwingine.

Sitasema walimu wetu walikuwa wakatili. Walizijua nyumba zetu zote. Mwalimu aliyekuchapa asubuhi, jioni ungemkuta kwenu ameketi na baba mbele ya kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, na kesi yako inaishia hapo kwa kicheko. Mama alikuwa amekuwekea viazi kwenye majivu ya moto. Wazee wa rika langu husema fimbo ndiyo iliyotufunza. Mimi naipa sifa hiyo ile nyumba: mlango wa kurudia, na mtu ndani yake wa kukuuliza umefanya nini tena leo.

Nikawa mwalimu katika eneo lilelile. Januari 2009 Kinshasa ilitangaza sheria ya kumlinda mtoto, inayotaka nidhamu shuleni itolewe kwa kuheshimu utu wake. Karatasi za sheria hazipandi milima ya Lubero haraka. Waliopanda ni watu wa Luofu, Aprili ya mwaka huohuo, nyumba zao zikiwa zimechomwa na waasi wa FDLR. Oktoba 2014 mauaji yakaanza upande wa Beni, na kila mwenye shangazi au mjomba huku kwetu akamtuma mtoto. Januari 2016 wakaja wa Miriki, ambako watu waliuawa usiku mmoja kijijini mwao. Walipokelewa na familia ambazo nazo zilikuwa na watoto wengi na chumba kimoja.

Mvulana mmoja wa kundi hilo la mwisho aliwekwa darasani kwangu, la nne. Alichagua benchi la karibu na mlango na hakuruhusu mtu amhamishe. Mfuko wake wa daftari aliupakata siku nzima. Asubuhi moja tulikuwa kwenye jiografia. Nikainua fimbo kuwaonyesha mto Semuliki kwenye ramani. Kabla ncha haijagusa karatasi, yule mtoto alikuwa ameshalala kifudifudi sakafuni, viganja vimefumbatana kisogoni. Hakulia. Alilala kama anayejua vizuri jinsi ya kulala. Darasa likacheka, kisha wasichana wawili wa benchi la nyuma, nao wa vita, wakashuka chini vilevile, na kicheko kikakatika.

Toka siku hiyo ramani niliionyesha kwa kidole.

Direkta wetu alikuwa mtu wa maneno machache, na hakupenda semina kwa sababu, alisema, semina zinakula siku na zinaacha kofia. Lakini alikuwa na mwenzake aliyepitia mafunzo ya International Rescue Committee, ambayo kuanzia 2010 yaliwakusanya walimu wa mashariki mwa Congo wajadiliane wao kwa wao jinsi ya kumfundisha mtoto aliyeumizwa na vita. Kutoka kwake alichukua jambo moja tu, lile la walimu kukaa pamoja na kusimuliana. Tukaanza Ijumaa, baada ya wanafunzi kuondoka. Hapo ndipo nilipojua kwamba kila mmoja alikuwa na mtoto wake wa sakafuni.

Kengele, kwa mfano. Yetu ilikuwa ringi kuukuu la lori, linalogongwa kwa nondo. Huko Beni watu hugonga masufuria usiku kutoa tahadhari, kwa hiyo chuma kikilia ghafla watoto wa huko walisimama na kutazama dirisha, na dakika kumi za somo zilikwenda bure. Direkta akaliacha ringi likining'inia, akaweka wimbo. Darasa la sita lilianza kuimba, la tano likapokea, hadi kwa wadogo. Tuliandika pia ratiba ya siku ubaoni kila asubuhi, na kuifuata, ili mtoto ajue kinachokuja. Aliyezidiwa aliruhusiwa kutoka bila kuomba, akaguse mlingoti wa bendera, arudi. Tulitegemea watundu wataitumia vibaya ruhusa hiyo. Waliitumia, wiki kadhaa, kisha wakachoka kugusa mlingoti.

Kwa wanaochelewa, daftari la nidhamu liliongezwa safu moja: amelala wapi. Inspekta aliikuta, akasema haimo katika mfano wa serikali. Direkta akamjibu, «Ndiyo, Papa Inspekta,» na safu ikaendelea.

Ebola ilipotangazwa Agosti 2018, ikaja na kipimajoto chenye umbo la bastola. Mlinzi alikilenga paji la uso la kila mtoto getini. Baadhi walikimbilia mashambani. Mwalimu wa darasa la kwanza, mama mtu mzima, alikinyang'anya akajilenga mwenyewe, akasoma namba kwa sauti, kisha akampa mtoto ampime tena. Foleni ikawa mchezo wa kupimana. Tulionywa kwamba tunachelewesha masomo, na ni kweli tulichelewesha.

Wazazi hawakutuelewa upesi tulipoacha viboko. Katika kikao cha kamati yao niliwaambia habari za Luwero, Uganda, ambako shule 42 zilifuatiliwa na watafiti: zilizofuata mpango wa shirika la Raising Voices wa kuacha viboko, wanafunzi 31 katika kila 100 walisema wamepigwa na mtu wa shule katika juma lililopita, na zisizoufuata ni 49. Baba mmoja akanyoosha mkono. «Papa Mwalimu, huko Uganda serikali inalipa walimu?» Watu wakacheka, nami sikuwa na jibu zuri. Elimu ya msingi ilipofanywa bure Septemba 2019, madarasa yalifurika, na wenzetu kadhaa wasio kwenye orodha ya mishahara walipoteza hata ile pesa waliyokuwa wakilipwa na wazazi. Mtu mwenye njaa mbele ya watoto tisini ananyoosha mkono kuchukua fimbo kwa sababu ndicho kitu cha bei rahisi kilichomo darasani.

Mwenzetu wa darasa la tano hakuiacha fimbo kamwe. Alikuwa mwalimu hodari, wanafunzi wake walifanya vizuri baadaye katika mtihani wa kumaliza msingi, na wazazi wengi walimpenda kuliko sisi. Ijumaa alikaa nasi, akasikiliza, akanywa chai. Hakuna aliyemlazimisha. Ila watoto wa vita walianza kuhama kwake mmoja mmoja, huyu akisema haoni ubao, yule akitaka kukaa na dada yake, na direkta akawa anawaidhinisha bila kuuliza. Mwaka ulipofika mwisho, darasani kwake walikuwa wamebaki wenyeji watupu, watoto wenye baba na mama Kipese.