Monita ya Kichogo Iliyoumia Njiani

Wasomaji wengi wa gazeti letu wameiona ile monita nene katika chumba cha fizikia, yenye ufa ubavuni, na wengine wameuliza kwa nini shule inatunza kitu kikuukuu namna ile. Mimi nikiwa katibu wa Chama cha Sayansi nimeombwa nieleze habari zake.

Katika Kidato cha Nne twafundishwa miali ya kathodi. Ndani ya chupa ya kioo isiyo na hewa, kathodi ikipata moto hutoa elektroni, nazo hukimbia mpaka kioo cha mbele, kilichopakwa unga ung'aao zikiugonga. Mjerumani Karl Ferdinand Braun aliitengeneza chupa ya namna hiyo mwaka 1897, na kwa miaka mingi televisheni zilitegemea kazi yake, pamoja na zile zilizoonyesha picha za rangi Zanzibar mwaka 1973. Skrini za siku hizi ni nyembamba, wala hazina miali hiyo. Basi mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa Mbeya, alipotuandikia kwamba atatuzawadia monita yake ya mwaka 1999, tulifurahi mno. Tungeona kwa macho yale tuliyokuwa tukiyakariri.

Mzigo ulipakiwa katika basi moja la abiria mwezi wa Mei mwaka 2025, ukapita Chunya na Makongolosi hata hapa Rungwa. Monita ile ina kilo kama 16, na sehemu kubwa ya uzito huo ni kioo cha mbele. Kwa hiyo yafaa isafiri imelazwa kifudifudi juu ya kitu laini. Mzee alifanya hivyo, akaandika juu ya boksi kwamba lisipinduliwe. Lakini njiani lilipinduliwa, likawekewa magunia juu. Liliposhushwa, pembe moja ilikuwa imebonyea, na ndani vitu vilicheza.

Mwalimu wetu wa fizikia hakuruhusu boksi lifunguliwe mara moja. Kwanza alilipiga picha pande zote mbele ya kondakta, akaandika katika stakabadhi kwamba limefika limebonyea, na wote wawili wakatia sahihi. Pili alikataza mtu yeyote kuiwasha. Waya au lehemu iliyokatika yaweza kuunguza sehemu zilizo nzima. Tena chupa ile ikifanya kazi hupewa volti zaidi ya 20,000, na huweza kushika umeme hata baada ya kuchomolewa. Nayo hewa ya nje huisukuma kwa nguvu: kwa kioo kikubwa kama kile, jumla yake hupita uzito wa kilo 600. Kikipasuka, vipande huruka. Basi si kazi ya mwanafunzi kufungua kifuniko.

Tulimwita fundi redio wa hapa Rungwa. Alipokwisha kuondoa umeme uliobaki, alituonyesha doa linalong'aa kama fedha ndani ya shingo ya chupa. Akasema, "Tazameni, wanangu. Hewa ikiingia, doa hili hugeuka jeupe kama maziwa. La kwenu linang'aa bado. Chupa ni nzima." Vilivyoharibika ni kasha la plastiki, mguu wake, lehemu za sehemu nne, na koili za shaba za shingoni zilizokuwa zimesogea. Gharama yote ilikuwa shilingi 38,000.

Hapo ndipo mashaka yalipoanza. Wakala wa basi alituambia kwanza, "Vijana, vioo husafiri kwa hasara ya mwenyewe." Alipoziona picha na sahihi ya kondakta wake, akalegea, akataka barua ya madai. Thamani iliyoandikwa katika stakabadhi ilikuwa shilingi 120,000. Baadhi ya wenzangu wakasema, "Katibu, andika kwamba chupa imekufa. Nani atajua?" Hawakuwa wezi. Chumba chetu kina upungufu wa vifaa, nao walikwisha kuhesabu mita na betri zitakazonunuliwa. Nami, nisifiche, nilizitamani. Lakini nilifikiri kwamba nguvu yetu yote kwa yule wakala ilikuwa ni picha zile, kwa sababu zilisema kweli. Kama barua ingesema uongo, picha zenyewe zingepoteza heshima. Tena jina la mzee lilikuwamo katika stakabadhi, na yeye hakutuma zawadi ili aitwe shahidi wa uongo. Nikaandika sehemu zilizovunjika moja moja, pamoja na hesabu ya fundi.

Wenzangu wawili hawakusema nami kwa siku kadhaa. Baada ya majuma matatu wakala alilipa shilingi 38,000 kamili.

Fundi alilehemu, akazirudisha koili mahali pake mpaka picha iliyokuwa imelala upande ikasimama sawa. Doa moja la zambarau katika pembe ya kioo halikutoka. Alieleza kwamba nyuma ya kioo kuna bati jembamba lenye matundu madogo sana, na bati hilo likipinda kwa mshituko halinyoki tena.

Siku ya somo mwalimu alisogeza sumaku ndogo, kwa mbali, maana sumaku kali hulidhuru bati lile. Mistari ikapinda na rangi zikahama mbele yetu. Darasa zima lilinyamaza. Hata wale wawili walisimama mbele kabisa.

Ndugu msomaji, ukipokea mzigo wa namna hii, usiharakishe kuukubali wala kuutupa. Andika ulivyoukuta kabla mwenye gari hajaondoka, usiwashe kitu, mwite ajuaye, kisha dai kilichovunjika, wala usizidishe.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne