Kidonda Changu Kilinifundisha



Mimi ni bwana shamba. Huwafundisha wakulima wa Marangu kupogoa mibuni. Huwaambia hivi: mbuni wenye afya ukikatwa tawi, jeraha hujifunga. Mbuni mgonjwa ukikatwa, jeraha hukaa wazi. Kumbe nilikuwa najisema mwenyewe.

Siku moja nilikuwa nafyeka majani kihambani. Panga liliteleza, likanikata muundini. Kidonda kilikuwa kidogo. Nilipaka majivu, nikafunga kitambaa. Wiki sita zilipita, kidonda hakikupona. Kilianza kunuka. Jirani alisema nimerogwa. Mke wangu alisema, "Baba Neema, majivu yametosha. Twende KCMC."

Tulishuka Moshi. Daktari alikiosha kidonda, kisha akauliza, "Mzee, una ugonjwa mwingine?" Nilimwonyesha vidole vyangu. Kwa miaka minne vilikuwa vikivimba. Asubuhi sikuweza hata kushika jembe. Nilikuwa nanunua vidonge dukani kwa siri. Vilikuwa prednisoloni.

Daktari alinieleza. Mwili una askari wake. Ukijikata, askari hao hukimbilia kwenye jeraha. Huua vijidudu na kuondoa uchafu. Kisha nyama mpya huota na ngozi hufunga. Lakini yapo magonjwa ambayo askari hukosea. Huupiga mwili wenyewe. Baridi yabisi yangu ni ya namna hiyo: askari hushambulia viungo. Katika aina moja ya kisukari, hushambulia kongosho. Sukari huzidi katika damu, na vidonda huchelewa kupona.

Vidonge vyangu viliwatuliza askari. Vidole vilipata nafuu, lakini kidonda kilikosa walinzi.

Nilitaka kuvitupa vidonge siku ile ile. Daktari alinikataza. "Ukiviacha ghafla unaweza kufa. Tutavipunguza kidogo kidogo." Kidonda kilisafishwa na kufungwa kitambaa safi mara kwa mara. Baada ya miezi mitatu kilifunga.

Ndugu zangu, ugonjwa huu hauambukizi, wala si uchawi. Usipake kidonda majivu wala samadi. Kioshe kwa maji safi, ukifunike. Kikipita wiki mbili bila kupata nafuu, nenda zahanati. Mweleze mganga magonjwa yako yote na dawa zako zote, hata za dukani na za miti shamba. Usimfiche.

Mkulima hodari akiona jeraha la mbuni halifungi, huchimba akatazama mizizi. Na sisi tufanye hivyo kwa miili yetu.