Nguzo za Mkunazini

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo kanisa la Waanglikana likaanza kujengwa pale pale Mkunazini. Askofu Edward Steere aliisimamia kazi mwenyewe. Husimuliwa kwamba alisafiri, akarudi akakuta nguzo za upande wa birika la ubatizo zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Zikaachwa. Mafundi walikuwa wametoa jasho lao lote (na nani asiyekosea umbo asilowahi kuliona?). Mkristo huambiwa atende awezalo, yaliyobaki aiachie neema. Neema hapo haikungoja nguzo zigeuzwe. Watu walibatizwa karibu nazo. Steere alizikwa nyuma ya madhabahu mwaka 1882, nguzo zingali vile vile.