Nyuzi Nyingi, Daftari Moja: Mkasa wa Kuhesabu Maneno kwa Kompyuta

Kuhesabu maneno ni miongoni mwa kazi za awali kabisa katika uchunguzi wa lugha, na pengine kwa sababu hiyo ni nadra kutiliwa shaka. Mtafiti anayedai kwamba neno fulani limetokea mara nyingi kuliko jingine huulizwa amelifasili vipi neno. Haulizwi kama amehesabu sawasawa. Mkasa unaosimuliwa hapa ni wa mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliyeponea chupuchupu kujenga hoja juu ya hesabu yenye kasoro.

Mwanafunzi huyo alikusudia kulinganisha lugha ya riwaya na lugha ya magazeti. Riwaya zilikuwa chache, akazipitisha katika programu yake faili moja baada ya nyingine. Magazeti yalikuwa na maelfu ya faili, na programu ilikawia mno. Kwa kuwa aliiandika kwa Java, lugha ya kompyuta iliyotolewa mwaka 1996 ikiwa na nyuzi tangu mwanzo, aliamua kuzitumia. Uzi, kwa maana hii, ni mfuatano wa maagizo unaotekelezwa sambamba na mifuatano mingine ndani ya programu moja, huku yote ikitumia kumbukumbu ile ile. Alianzisha nyuzi 8. Kila uzi ulifungua faili yake, ukasoma maneno, ukayaandika katika jedwali moja la pamoja. Kazi ikaisha upesi.

Matokeo yalivutia. Katika magazeti, maneno kama "na", "ya", "wa" na "kwa" yalionekana kupungua sana, ilhali maneno adimu yalibaki karibu pale pale. Mwanafunzi aliandika kurasa kadhaa kueleza kwamba waandishi wa habari hufupisha sentensi na kuepuka viunganishi. Maelezo hayo yalikuwa na mantiki, na hapo ndipo ilipokuwapo hatari. Msimamizi wake alipoisoma sura hiyo aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, ukihesabu tena leo, utapata hesabu hii hii?" Alihesabu tena, akapata nyingine. Alirudia, akapata ya tatu.

Chanzo chake ni hiki. Kuongeza 1 katika jedwali huonekana kuwa tendo moja, lakini kwa kompyuta ni matendo matatu: kusoma idadi iliyopo, kujumlisha, kisha kuandika. Ichukuliwe kwamba idadi ya "na" ni 100. Uzi wa kwanza unasoma 100. Kabla haujaandika, uzi wa pili nao unasoma 100. Kila mmoja unajumlisha na kuandika 101. Neno limeonekana mara mbili, limehesabiwa mara moja. Upotevu huo huyakumba zaidi maneno yanayotokea mara kwa mara, kwani ndiyo yanayogombewa na nyuzi nyingi kwa wakati mmoja; neno adimu halina mgombeaji. Hivyo kosa halikutawanyika ovyo, bali lilijipanga likafanana na kanuni ya lugha.

Tatizo lenyewe si geni. Mwaka 1965 E. W. Dijkstra alichapisha ufumbuzi wa namna ya kuhakikisha kwamba mchakato mmoja tu unaingia katika sehemu nyeti kwa wakati mmoja. Mwaka 2006 Edward A. Lee, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alisisitiza kwamba nyuzi huinyima programu sifa ya kutabirika. Wahenga walikwisha kusema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja.

Tiba zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kulitia jedwali kufuli, ili uzi mmoja uandike huku mingine ikingoja. Usahihi hupatikana, lakini nyuzi hupanga foleni na kasi hupungua. Ya pili ni kuupa kila uzi jedwali lake, na kuyajumlisha majedwali baada ya uzi wa mwisho kumaliza, kama wachumaji wa karafuu ambao kila mmoja hujaza pakacha lake, na pishi hupimwa jioni. Mwanafunzi alichagua hii ya pili. Aidha, alitambua kwamba wingi wa nyuzi hauleti kasi daima: katika diski inayozunguka, kichwa cha kusomea hulazimika kurukaruka kati ya faili moja na nyingine, na usomaji waweza hata kukawia zaidi.

Hesabu iliporudiwa, tofauti kati ya riwaya na magazeti ilikaribia kutoweka. Kurasa zile za maelezo ziliondolewa, pamoja na hitimisho alilolipenda kuliko yote. Mahali pake aliweka jedwali fupi lenye safu mbili: hesabu ya uzi 1 na hesabu ya nyuzi 8. Safu hizo zililingana neno kwa neno, na sura nzima ikaanzia hapo.