Farasi Mchanga Ana Masafa Yake



Mwaka huu sisi ndugu wawili tumeona tuwasimulie kosa letu wenyewe, huenda likamfaa mwingine.

Hapa Bagamoyo punda tumewazoea, lakini farasi ni wa kuhesabu. Si kwamba watu wa pwani hawakuwapenda. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi watoto wa jumba la Mtoni, Unguja, walivyofundishwa kupanda farasi tangu wadogo. Tatizo la huku bara ni maradhi. Mbung'o huleta nagana, na usubi huleta maradhi mengine yanayoweza kumuua farasi kwa siku chache. Mwaka 1871 Stanley alipoondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili na punda 27. Farasi wote wawili walikufa safari ikiwa bado changa.

Mjomba wetu ni mtunzaji wa farasi wa bwana mmoja. Miongoni mwao alikuwamo dume mwekundu wa miaka minne, tukimwita Kusi kwa kuwa alikuwa na nguvu kama upepo wa kusi. Mjomba alitupa ruhusa ya kumsaidia kumfundisha. Kwanza alimzungusha kwa kamba ndefu, akimzoeza maneno: twende, polepole, simama. Kisha akamvisha tandiko tupu. Baada ya wiki nyingi ndipo mmoja wetu akapanda, na mwingine akashika kamba. Kusi akajifunza kutembea na mtu, kisha kwenda mashindo, yaani zile mbio ndogo za kudundadunda.

Ukabaki mghadi. Huu ni mwendo ulio baina ya mashindo na shoti, nao una mapigo matatu. Farasi akizunguka kushoto, huanza mguu wa nyuma wa kulia. Kisha hushuka pamoja wa nyuma wa kushoto na wa mbele wa kulia. Mwisho wa mbele wa kushoto. Halafu kwa nukta moja miguu yote minne iko hewani. Farasi huujua mwendo huu tangu utotoni, lakini akibeba mtu hana budi kujifunza upya kujizuia asianguke.

Mjomba akasema, "Wajomba zangu, huyu bado. Mgongo wake haujakomaa. Tumpe mwezi mwingine, insha-Allah."

Siku ya Idd el-Fitri mjomba alikwenda kuwatembelea jamaa. Alituachia kazi moja tu, kumnywesha Kusi maji. Wenzetu wakaja na kanzu zao mpya, wakatucheka kwamba farasi wetu anatembea kama mgonjwa. Tukaona haya. Tukamtandika, tukamtoa ufukweni maji yamekupwa. Mmoja wetu alipanda, mwingine akamfukuza kwa fimbo. Kusi akaruka, akaenda mbio bila mpango, akaingia kwenye mchanga tifutifu, akapiga magoti. Aliyepanda akaangukia bega. Kusi akainuka akichechemea.

Tukafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Tulimrudisha bandani, tukamfuta mchanga, tukaacha mlango wazi, na bega tukalificha ndani ya kanzu. Mjomba aliporudi tukasema Kusi ametoroka mwenyewe. Lawama ikamwangukia kijana anayefagia banda. Mwenye farasi akaamuru aondoke mwisho wa wiki. Kijana yule ana mama anayemtegemea. Alituamkia asubuhi kama kawaida, naye hakutushuku hata kidogo.

Siku mbili hatukula vizuri. Usiku wa tatu, baada ya sala ya isha, tulikwenda kwa mjomba tukasema kweli yote. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akatuchukua mpaka kwa mwenye farasi, tukarudia maneno yale yale mbele ya kijana. Alhamdulillah, hakufukuzwa. Sisi tulipangiwa kuzoa samadi miezi mitatu, na ilikuwa haki yetu.

Ustadh alipopata habari hakutuchapa. Alitusimulia hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi Madina kwa masafa mawili. Waliokwisha kuandaliwa walikimbia kutoka al-Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, kiasi cha maili tano au sita. Wasioandaliwa walitoka hapo Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq, kama maili moja tu. Ustadh akatuuliza, "Nyinyi Kusi mlimpa masafa ya nani?" Hatukuwa na jibu.

Kusi alipopona mguu, hakutaka tena kuona tandiko. Ikabidi tuanze upya na kamba, kama siku ya kwanza. Mwezi wa nne, alfajiri moja, mchanga ukiwa mgumu, mjomba alimwambia yule kijana ashike kamba, na mmoja wetu akapanda. Kusi akaenda mashindo, kisha tukasikia mapigo yakibadilika: moja, mbili, tatu. Akaenda mghadi hatua sita tu. Mjomba akasema, "Basi. Shuka, mpe maji." Tulitamani aendelee. Akatujibu, "Mwache angali anapenda. Kesho atatoa saba."

Ndugu zetu wakubwa mnaowasomesha wadogo Juzuu Amma, mtoto akikwama kwenye aya msimfukuze kwa fimbo ili wenzenu waone. Nanyi mliofanya kosa mkamwachia mwingine mzigo wake, nendeni mkaseme leo, kabla wiki haijaisha.