Kioo cha Gari Lisilotengenezwa Tena

Anayenunua gari mjini Nairobi huulizwa na jamaa zake maswali matatu: linabugia mafuta kiasi gani, limetembea kilomita ngapi, na spea zake je, zinapatikana? Hilo la tatu huulizwa kwa sauti ya chini, kama mzazi anayechunguza ukoo wa mchumba wa mwanawe. Mwenye Toyota Probox hujibu huku akicheka. Mwenye Honda Insight, kama mimi, hubadilisha mazungumzo.

Si kwamba gari lenyewe ni baya. Insight lina historia ya kuringia. Toyota ndiyo iliyotangulia kwa Prius nchini Japani, Desemba 1997, lakini Insight, wakati huo kigari cha viti viwili tu, ndilo lililokuwa gari la haibridi la kwanza kuuzwa Marekani, mwishoni mwa 1999. Hilo la kwanza likaachwa kutengenezwa mwaka wa 2006. Likaja la pili Februari 2009, lenye milango mitano, na Aprili mwaka uo huo likaongoza kwa mauzo nchini Japani, ukiondoa vile vigari vidogo kabisa vya sisi 660. Hakuna haibridi iliyokuwa imewahi kufika hapo. Lakini mwezi uliofuata Toyota wakaleta Prius mpya, kubwa zaidi na kwa bei isiyoachana mbali, na wateja wakahama. Kufikia 2014 Insight la pili likawa limekwisha. La tatu lilizaliwa 2018 na kukomeshwa 2022. Jina moja, mazishi matatu.

Langu ni hilo la pili, la mwaka wa 2012. Lina injini ya lita 1.3 na mota ya umeme iliyobanwa kati ya injini na giaboksi, na betri yake kubwa imefichwa chini ya sakafu ya buti. Ukisimama kwenye foleni injini hujizima yenyewe, ukiachilia breki huamka. Kwa mtu anayeishi Kitengela na kufanya kazi mjini, hiyo ni neema. Tulilinunua mwaka wa 2019 kwa mkopo wa chama, wakati kanuni ya miaka minane ilipokuwa bado ikiruhusu magari ya rika lake kuingia nchini. Kufikia 2023 mlango huo ulikuwa umefungwa kwa Insight zote za kizazi hicho. Zilizomo nchini ndizo hizo hizo. Hakuna ndugu zao wengine watakaoshuka melini Mombasa.

Tuna sababu nyingine ya kulihitaji gari hili kuliko kwenda kazini. Mama yangu anaishi nasi tangu figo zake zishindwe na kazi. Kila Jumanne na Ijumaa husafishwa damu kwa mashine katika hospitali moja ya mjini, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa muda wa saa nne. Atokapo huwa hoi, hana nguvu ya kusimama stejini wala ya kupanda ngazi za matatu. Kiti cha mbele kushoto ni chake. Juu ya kioo, upande huo, palikuwa na kibandiko cha duara chenye maandishi ya Kijapani, cha ukaguzi wa huko, ambacho hakuna aliyewahi kujisumbua kukibandua. Mama alikuwa akikikazia macho njia nzima ya kurudi nyumbani. Alisema kichefuchefu hupungua akiwa na kitu kimoja cha kutazama.

Ilikuwa Jumatano jioni, kwenye barabara ya Namanga, nyuma ya lori la kokoto lisilofunikwa turubai. Jiwe moja lilidunda lamini likaja moja kwa moja. Ta! Lilipopiga liliacha kovu la ukubwa wa sarafu ya shilingi tano, mbele ya macho ya dereva. Kovu kama hilo, likiwahiwa, hujazwa dawa maalumu inayokauka na kuwa ngumu, na mtu akaendelea na safari zake. Lakini ilikuwa saa moja usiku na mafundi walikuwa wamefunga. Usiku wa Kitengela ni baridi na jua la asubuhi ni kali, na kioo chenye jeraha hakipendi kimoja kati ya hivyo viwili. Kulipokucha ufa ulikuwa umetambaa kutoka kwenye kovu hadi ukingoni, mrefu kama mkono wangu. Ufa ukishafika ukingoni hakuna dawa tena. Kioo ni cha kutoa.

Hapa acha nieleze jambo ambalo wengi wetu hatulijui kuhusu kioo cha mbele. Si kioo kimoja. Ni vioo viwili vyembamba vilivyobandikwa pamoja kwa utando wa plastiki katikati, ndiyo maana hupasuka lakini hakimwagiki, tofauti na vile vya milangoni ambavyo husambaratika kuwa chembechembe. Husimuliwa kwamba mkemia wa Kifaransa, Édouard Bénédictus, aliligundua jambo hilo mwaka wa 1903 alipoangusha chupa ya maabara ikapasuka bila kutawanyika, kwa kuwa ndani ilikuwa imekaukiwa na utando wa kemikali. Alisajili uvumbuzi wake 1909. Isitoshe, katika magari ya leo kioo hicho hakikushikiliwa na mpira kama zamani, bali kimegandishwa kwenye fremu kwa gundi, na kimekuwa kama sehemu ya mwili wa gari. Gari likibingirika husaidia kuzuia paa lisibonyee. Na ule mfuko wa hewa wa abiria, unaochomoka juu ya deshibodi, huegemea kioo hicho ndipo umkinge aliyeketi. Gundi ikiachia, mfuko hukisukuma kioo nje na abiria hubaki hana kinga.

Basi Alhamisi nikaenda Barabara ya Kirinyaga, ambako inasemekana hakuna spea inayokosekana. Nilipotaja Insight wa kwanza alitikisa kichwa, wa pili akaniuliza kama si afadhali niuze gari, na wa tatu akaniletea kioo cha Honda Fit. "Ni mama mmoja baba mmoja, madam," aliniambia. Ni kweli kwamba Fit ya haibridi na Insight huchangia injini na mota. Kioo hawachangii. Fit imesimama wima kama mtu aliyeitwa na mwalimu, Insight limelala chali. Nilipoonyesha mwanya uliokuwa ukibaki pembeni, bwana yule hakutikisika. Angeuziba kwa silikoni, na ningeondoka na gari langu jioni hiyo hiyo kwa shilingi elfu tisa kila kitu.

Sitaki kumcheka. Wako watu wengi barabarani leo wanaoendesha magari yaliyozibwa hivyo, na mvua haiwaingilii. Lakini silikoni ni ya kuzibia sinki la jikoni.

Duka moja la vipuri halisi lilitazama nambari ya chesisi, inayoanza na ZE2, likaniambia kioo kinaweza kuagizwa kutoka Japani kwa elfu sitini na nane, wiki sita. Nao wa bima yetu walikuwa na kifungu cha kioo kisichozidi elfu thelathini, ila walitaka makadirio kutoka gereji tatu walizoziidhinisha. Mbili hazikuwa na kioo hicho. Ya tatu ilileta makadirio ya Insight la mwaka wa 2019, ambalo lina kamera nyuma ya kioo inayohitaji kupangwa upya kwa kompyuta, na bei yake ilinifanya nikae chini. Niliandika barua kueleza kwamba langu halina kamera. Wakanijibu kwamba barua yangu imepokelewa.

Ijumaa tulikwenda hospitalini kwa teksi, elfu mbili kwenda na elfu mbili kurudi. Jumanne tukafanya hivyo tena. Mama hakulalamika, lakini teksi ya Jumanne ilikuwa na harufu ya manukato makali na ilibidi tusimame mara mbili kando ya njia ili atapike.

Jioni hiyo kaka yangu alinipigia simu. Yeye ndiye anayelipa nusu ya gharama za Mama, kwa hiyo ana haki ya kusema, na alisema. "Dada, mgonjwa ni Mama, si gari. Kuna fundi ametoa bei ya elfu tisa. Ungoje nini?" Nilimweleza habari za gundi na mfuko wa hewa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba tangu azaliwe hajaona mfuko huo ukifunguka hata siku moja, lakini kutapika kwa Mama nimekuona mwenyewe. Ilikuwa hoja nzito. Nilimjibu kwamba anayekaa mbele ya mfuko huo ni Mama, na kwamba simweki hapo kwa silikoni. Tuliagana bila kupatana. Mume wangu, aliyekuwa akisikiliza, alisema tu kwamba angemwomba mwenzake wa kazini aulize Thika.

Na Thika ndiko kilikokuwa. Kwenye yadi ya kuvunjia magari palikuwa na Insight la kijivu lililogongwa kwa nyuma hadi buti likaingia kwenye kiti, ilhali mbele lilikuwa zima kama siku lililotoka kiwandani. Mwenye yadi alitaka elfu kumi na nne kwa kioo, kikitoka kizima. Neno hilo "kikitoka" ndilo lililokuwa na kazi. Kioo kilichogandishwa hakifunguliwi kwa spana. Fundi niliyempata Eneo la Viwanda, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuja nasi Jumatano akiwa na waya mwembamba wa chuma. Alitoboa gundi kwenye kona, akapenyeza waya, yeye akashika ncha ya nje na kijana wake akaketi ndani na ncha nyingine, wakawa wanaukereza huku na huku kama wapasuaji mbao. Iliwachukua zaidi ya saa mbili. Kila kulipolia "kak" nilifumba macho. Kilipotoka walikishika kwa vinyonyo vya mpira wakakiegesha kwenye pikapu kikiwa kimesimama kwa ukingo, kwa sababu kikilazwa kitapasuka kwenye tuta la kwanza.

Siku iliyofuata, Alhamisi, alitoa cha kwetu. Alikwangua gundi ya zamani akaacha utando mwembamba tu, akapaka rangi kila mahali waya ulipokwaruza fremu, maana mkwaruzo ukiachwa hushika kutu na kutu huinua gundi. Akapaka praima kwenye ukingo mweusi wa kioo. Nilimuuliza ukingo huo ni wa nini, nikidhani ni urembo, akasema ni mwavuli: jua likiifikia gundi huila. Kisha akachukua mkebe wa yurethani, akausogeza karibu na miwani, akausoma, akaurudisha mezani. Ulikuwa umepitwa na tarehe miezi miwili.

"Huu utashika?" nilimuuliza.

"Utashika," alisema. "Sijui utashika mpaka lini."

Kijana akatumwa mwingine. Kulikuwa na msongamano, akarudi saa kumi na moja. Kioo kilikaa mahali pake saa kumi na mbili kasoro, mzee akakibana kwa utepe wa karatasi juu na pembeni, akateremsha dirisha la nyuma kidole kimoja ili mlango ukifungwa hewa isikisukume kioo kwa ndani. Gundi hiyo hukomaa kwa unyevu wa hewa, na jioni hiyo ilikuwa baridi na kavu. Alisema gari lisiondoke hadi Ijumaa mchana. Mama alitakiwa hospitalini Ijumaa alfajiri.

Nilimpigia kaka simu kabla hajanipigia. Nilitarajia maneno. Akauliza tu, "Saa ngapi?" Saa kumi na nusu alfajiri alikuwa mlangoni kwetu na gari la jirani yake, amemwekea Mama mto na ndoo ndogo. Mimi nilikwenda kazini kwa matatu, na adhuhuri nikachukua gari.

Hesabu yenyewe ni hii: kioo elfu kumi na nne, fundi na gundi elfu sita, pikapu elfu mbili na mia tano, teksi elfu nane. Bima walilipa baada ya wiki saba, elfu kumi na nne kamili. Kazi ya fundi haikuwa ya gereji waliyoidhinisha, wakasema, na teksi si kioo.

Jumanne Mama aliingia, akafunga mkanda, akatazama juu. Lile gari la Thika halikuwa na kibandiko.

"Kile kiduara changu kiko wapi?"

Nilimwambia kimekwenda na kioo cha zamani. Akafikiri kidogo, kisha akaniomba kalamu nzito na kipande cha karatasi, akachora duara lake, nasi tukalibandika mahali pale pale kwa ule utepe wa fundi. Haliandikwi Kijapani. Ameandika "Jumanne" na "Ijumaa".

Wiki mbili baadaye nilimpigia mwenye yadi kuulizia taa ya nyuma ya kulia. Alisema taa zilikwenda na ajali, na vingine vingi vimeshanunuliwa. Kilichobaki ni milango miwili ya mbele, deshibodi na usukani. Nilimwambia aniwekee milango.