Kikande na kufuli lake

Leo tuache habari za testi na majibu ya testi, niwape ya samaki.

Mjomba wangu anakaa Kunduchi na ana tangi la kioo sebuleni, la maji chumvi. Maji yanachotwa baharini kwa madumu, na samaki wote wametoka hapo hapo. Siku moja akaletewa kikande, mdogo kama kidole gumba, mzuri ile mbaya. Miezi ikapita, akafika saizi ya kiganja, ndipo akatuonyesha rangi zake halisi. Kikande ana meno ya kuvunjia kaa na konokono. Samaki wengine walikuwa sita, wakabaki wawili, na mmoja kaliwa mkia. Mjomba akasema Jumamosi hii huyu anatoka.

Atoke wapi! Ukiingiza kawavu tu, mwenzio keshazama kwenye shimo la tumbawe. Mkia unauona, unaushika, unavuta, haji. Si nguvu zile, ni kufuli. Mgongoni ana mwiba mnene anaousimamisha, halafu nyuma yake kuna mwiba wa pili, mdogo, unaouzuia ule wa kwanza usilale. Ukivuta ndio kwanza anazidi kukaza. Ukilazimisha, utamchana.

Binamu akatoa wazo la utupa. Jamani! Utupa ukitwangwa na kutiwa majini, samaki anashindwa kutumia hewa iliyomo, na hauchagui. Tungempata kikande pamoja na wale wawili tuliotaka kuwaokoa. Hesabu ni ile ile ya baruti: unamtaka changu aliyejificha, unalipua nyumba ya samaki wote. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 haijakataza sumu na baruti bure bure.

Baada ya Isha akaja mzee jirani, mvuvi wa siku nyingi. Alicheka kwanza.

"Kikande havutwi, mwanangu. Anangojwa alale."

Kumbe huyu ni wa mchana. Usiku anaingia shimoni kulala. Tukazima taa, tukakaa kimya karibu saa nzima. Kisha tukanyanyua jiwe zima polepole na mwenyewe akiwa ndani, tukalihamishia kwenye beseni la maji ya bahari. Mzee akapitisha kijiti chembamba, akabonyeza ule mwiba mdogo. Basi! Mwiba mnene ukalala, jamaa akatoka mwenyewe huku anakoroma kwa hasira. Ndiyo, kikande anakoroma, nimesikia kwa masikio yangu.

Asubuhi maji yalipojaa tukamrudisha baharini. Tulithubutu kwa sababu alitoka bahari hiyo hiyo na hakuwahi kukaa na samaki wa kigeni. Angekuwa wa kuletwa kutoka nje, kumwachia baharini ingekuwa balaa jingine.

Wenzangu wa Baiolojia, mimi nikienda mazoezi ya kufundisha, mada ya viumbe kuendana na mazingira naanza na huyu. Miiba miwili tu, mmoja unafunga, mwingine unafungua.

Wale wawili sasa wanaogelea katikati ya tangi bila wasiwasi, na ule mkia umeanza kuota. Haya wadau, nani mwingine amewahi kupambana na kikande? Tupeni stori.